Mkataba wa muda mrefu ukiwa ndani ya simu: maswali ninayoulizwa Mwanza

Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria. Zamani waliofika mezani kwangu Kirumba walikuja na karatasi za viwanja, nyumba za kupanga na mashine za boti. Sasa wengi wananikabidhi simu. Mkataba uko ndani ya programu, au umetapakaa kwenye meseji za WhatsApp za miaka miwili, au mwenyewe hajui uliko. Simu ya mkopo, sola ya kulipa kidogo kidogo, intaneti ya nyumbani, kazi ya kusimamia ukurasa wa duka, kazi ya kupeleka chakula kwa pikipiki: yote haya hayaishi siku mnayokubaliana. Yanakwenda mwezi kwa mwezi, na ugomvi huanzia katikati.

Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Kesi yako ikiwa kubwa, mtafute wakili aisome mwenyewe.

Mkataba wa muda mrefu ni upi hasa? Ni ule unaozidi mwaka?

Si suala la miezi. Ukinunua sangara pale Mwaloni, unamchagua, anapimwa, unalipa, mnaachana. Akiwa ameharibika utajua siku hiyo hiyo. Mkataba wa muda mrefu ni ule ambao baada ya kukubaliana mnabaki mmeshikana.

Kijana wa bodaboda analielewa hili kuliko mtu yeyote. Amechukua pikipiki ya mkataba, analeta hesabu kila siku, na mwisho wa safari kadi inakuwa yake. Katikati hapo ataumwa malaria, tairi litapasuka, mvua itanyesha siku tatu mfululizo, na bosi atataka kuongeza hesabu. Hakuna aliyeyaandika hayo yote siku ya kwanza, na hakuna ambaye angeweza.

Mwanasheria wa Marekani, Ian Macneil, alilifanyia kazi wazo hili kwa miaka mingi: mikataba ya aina hii ni uhusiano unaoendelea, kwa hiyo haiwezi kusomwa kana kwamba kila kitu kilimalizika siku ya sahihi. Mwenzake Stewart Macaulay alichapisha mwaka 1963 utafiti wake juu ya wafanyabiashara wa jimbo la Wisconsin, akaonyesha kwamba mara nyingi walimaliza tofauti zao bila hata kufungua mkataba. Kwetu hilo si geni. Mtu anapigiwa simu, mzee mmoja anaitwa, mnakaa, mnaelewana hesabu ya wiki ile isogezwe.

Hapo ndipo mikataba ya kwenye simu inapotuumiza. Programu haina mzee wa kuitwa. Siku ikifika na malipo hayajaingia, inafunga. Haijui kwamba ulikuwa Bugando unamuuguza mama. Ndiyo maana nawasisitizia watu wajue sheria inasema nini na watunze kumbukumbu, maana yale mazungumzo yaliyokuwa yanatuokoa yameondolewa.

Kubonyeza "Nakubali" ni sawa na kusaini?

Ndiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofanywa kwa njia ya kielektroniki. Haukataliwi kwa sababu tu haukuwa kwenye karatasi. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayeuza mtandaoni akupe taarifa zake: jina, anwani, maelezo ya bidhaa na bei kamili. Programu isiyokuambia mwenyewe ni nani na anapatikana wapi, iache. Siku ya kudai utamdai nani?

Hatukuandika chochote. Tulikubaliana kwa mdomo, mengine kwenye WhatsApp. Nina mkataba?

Inawezekana kabisa. Sheria ya Mikataba inaangalia kama mlikubaliana kwa hiari, kama nyote mna uwezo kisheria wa kuingia mkataba (umri wa miaka 18 na akili timamu), kama kuna kitu kila upande unatoa, na kama lengo ni halali. Mhuri wa wakili au wa mwenyekiti wa mtaa hauufanyi mkataba wa kawaida kuwa mkataba. Unasaidia ushahidi tu.

Na ushahidi ndio kazi yenyewe. Meseji zinapokelewa mahakamani, lakini mahakama hupima uaminifu wake: zilitengenezwaje, zimehifadhiwaje, na aliyeziandika anajulikana vipi. Skrini shoti iliyokatwa juu na chini, isiyoonyesha namba wala tarehe, ni dhaifu sana. Tunza simu yenyewe, usifute mazungumzo, na kila mnapokubaliana jambo kwa simu, mwandikie mwenzako baadaye: "Kama tulivyoongea leo, kuanzia Julai utanilipa laki mbili na nusu kila tarehe 5." Akijibu "sawa", una kitu cha mkononi. Asipojibu akaanza kulipa laki mbili na nusu kila tarehe 5, napo una kitu.

Nasimamia kurasa za mtandaoni za duka moja. Mkataba unasema mimi ni "mtoa huduma huru", si mwajiriwa. Ndiyo basi?

Hapana, na hili nalijibu kwa urefu kwa sababu linawaumiza vijana wengi wa mji huu.

Mfano wa karibu: binti wa Buzuruga alinionyesha mkataba wa ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ilisema yeye si mwajiriwa. Kisha akaniambia siku yake ilivyo. Saa mbili asubuhi anatakiwa awe hewani. Anatumia simu ya duka. Kila picha ya kitenge inaidhinishwa na bosi kabla haijawekwa. Akichelewa kumjibu mteja zaidi ya dakika kumi anakatwa pesa. Haruhusiwi kufanyia duka lingine. Hivyo kwa miezi kumi na minne, na mshahara ukiitwa "asante".

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali umbo la mkataba, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya haya: namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu. Soma tena: hata moja. Yule binti alikuwa nazo karibu zote.

Wengine huniambia, "Lakini wananikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, kwa hiyo mimi ni mtoa huduma." Namna bosi alivyochagua kukukata kodi haibadilishi namna unavyofanya kazi. Ukiwa mwajiriwa, kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo mwajiri ana wajibu wa kuchangia, kuna likizo ya malipo, kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kesi ikifika mbele na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye.

Nje ya nchi hoja hii imefika juu kabisa. Tarehe 19 Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ile walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa karatasi ziliwaita wajitegemea. Majaji waliangalia nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, na nini kinampata dereva anayekataa safari nyingi. Uamuzi ule haumfungi jaji wa Tanzania, lakini wakili anaweza kuuweka mezani, na unaonyesha kwamba neno lililoandikwa juu ya karatasi haliwezi kuifuta kazi inayofanyika chini yake.

Mkataba wangu wa miezi sita umehuishwa mara nne. Safari hii umeisha na bosi yuko kimya tu.

Kwa kawaida mkataba wa muda maalumu huisha tarehe yake ikifika, bila barua. Lakini ukiwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, kutohuishwa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Matarajio si hamu ya moyoni. Ni lazima kuwe na kitu kinachoonekana: kuhuishwa mara nne, meseji ya meneja inayosema "mwakani utashika na tawi la Geita", ratiba ya kazi iliyopangwa kupita tarehe ya mwisho.

Na usikae ukisubiri huruma. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi, kama mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60. CMA ina ofisi Mwanza. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini utatakiwa utoe sababu za maana, na "bosi alikuwa ananiambia nivute subira" ni sababu ambayo nimeona ikikataliwa.

Hawajanilipa miezi miwili. Nibadilishe nywila za kurasa zao mpaka walipe?

Usifanye hivyo. Nakuomba. Najua hasira yake, kwa sababu nami kabla ya kazi hii niliwahi kumfanyia mtu kazi ya mtandaoni akanizungusha miezi mitatu, na nywila nilikuwa nazo mkononi. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia au kubaki kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Asubuhi ulikuwa mdai. Jioni unaitwa kituoni kuandika maelezo. Kabidhi kila kitu kwa maandishi, andika siku ya kukabidhi, kisha dai.

Mteja wangu yuko nje ya nchi. Namfanyia kazi ya kuandika maneno ya sauti na kupanga picha za kufundishia kompyuta. Sheria gani inatumika?

Fungua masharti, shuka mpaka chini. Karibu kila mara kuna sentensi inayotaja sheria ya nchi au jimbo fulani na mahali pa kusikilizia shauri. Hata kama una haki, kuifuata California kwa ajili ya dola 180 hakuwezekani. Kinga yako iko kwenye mpangilio wa malipo: kazi ndogo ndogo, malipo ya kila wiki, na usiwahi kukabidhi wiki ya tatu wakati ya kwanza haijalipwa. Vijana wa Nyegezi na Malimbe wanaofanya kazi hizi usiku, wakiwa bado wanafunzi, hupoteza pesa hapo hapo: wanaacha deni likue kwa kuogopa kushushiwa alama za ukadiriaji.

Simu ya mkopo imefungwa kwa kuchelewa siku mbili. Wana haki hiyo?

Kama masharti uliyokubali yanasema watafunga ukichelewa, kufunga kwenyewe kuna msingi. Maswali ya maana ni mengine: uliambiwa nini ukiwa dukani, bei ya mwisho ni ipi, na nini kinatokea kwa pesa uliyokwisha kulipa.

Mdogo wangu alichukua simu ya aina hii karibu na Soko Kuu. Wakala alimwambia "kianzio elfu sabini, halafu elfu moja na mia tano tu kwa siku". Hakumwambia jumla. Tuliketi jikoni kwa mama tukaipiga kwenye nyuma ya bahasha: 1,500 mara siku 365 ni 547,500. Ongeza 70,000, unapata shilingi 617,500. Simu ile ile, duka la pili kutoka hapo, ilikuwa 350,000 taslimu. Alikuwa analipa 267,500 juu yake, na hakuna mahali popote kwenye kioo ambapo namba hiyo ilionekana. Mama alinyamaza, akachukua ile bahasha akaiweka kwenye kabati la vyombo. Bado ipo.

Sheria ya Mikataba inasema ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai au kwa maelezo ya uongo si ridhaa huru, na aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kunyamazia jumla si lazima kuwe udanganyifu kisheria; inategemea kilichosemwa na kilichoandikwa. Kwa hiyo uliza swali moja kabla ya kutoa kianzio, na uombe jibu kwa meseji: "Mpaka simu iwe yangu kabisa nitakuwa nimetoa shilingi ngapi?" Wakala anayekwepa swali hilo amekwisha kukujibu.

Kuhusu faini za kuchelewa: hata zikiwa zimeandikwa, mahakama haitoi kiasi kilichotajwa kama kilivyo. Inatoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho. Hili watu hawalijui, na wadai hawana haja ya kuwaambia.

Nimemaliza kulipia sola, niko Ukerewe, lakini bado inadai.

Toa taarifa ya miamala yako yote ya malipo kwa simu, ijumlishe, uitume kwa maandishi ukiwa umeambatisha namba ya kifaa, na uombe barua ya kumaliza deni. Usiendelee kulipa "ili taa isizime" bila kuandika kwamba unalipa huku ukipinga.

Kampuni imetuma ujumbe kwamba masharti yamebadilika na nikiendelea kutumia nimekubali. Inaruhusiwa?

Kanuni ya msingi ni kwamba mkataba unabadilishwa na pande zote mbili. Kampuni huandika tangu mwanzo kwamba zinaweza kubadilisha, na huko ndiko zinakosimama. Lakini kuwa na uwezo wa kubadilisha si kuwa na uwezo wa kubadilisha vyovyote. Mikataba ya walaji iliyoandikwa na upande mmoja, ile ya "chukua au acha", iko chini ya macho ya Tume ya Ushindani, FCC. Mpangilio wa kawaida ni kwamba ulalamike kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, kisha ndipo uende FCC, au TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama ni huduma ya mawasiliano.

Swali la mipaka ya kampuni iliyoandika mkataba lilipata jibu zito Uingereza mwaka 2019, kwenye kesi ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta dhidi ya Post Office, shirika la posta la huko. Kwa miaka mingi wasimamizi wale walidaiwa fedha zilizoonekana kupungua kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, na mamia walitiwa hatiani, wakati mfumo wenyewe ndio uliokuwa na hitilafu. Jaji Fraser alisema mkataba wao ulikuwa wa kimahusiano, yaani wa muda mrefu unaohitaji kuaminiana, na kwa hiyo Post Office ilikuwa na wajibu wa kutenda kwa nia njema: kutoa taarifa, kutoficha sababu ya upungufu, kuchunguza kabla ya kudai. Naileta kesi hii kila ninapoambiwa "mfumo unaonyesha unadaiwa". Mfumo unaweza kukosea. Anayeumiliki ndiye mwenye njia ya kuuchunguza, na ni haki yako kumtaka afanye hivyo.

Nilikopa kwenye programu, sasa wanawapigia ndugu zangu na kunitukana.

Mikopo hii watu wameipa jina la kausha damu, na nimeona kwa nini. Huduma ndogo za fedha zinahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Angalia kama mkopeshaji wako ana leseni, na Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza unakoweza kupeleka malalamiko.

Pesa uliyopokea unadaiwa, tusidanganyane. Lakini majina na namba za watu waliomo kwenye simu yako ni taarifa zao binafsi. Shemeji yako wa Sengerema hakukopa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa yeye pia haki ya kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwambie atunze ile meseji ya matusi, asiifute kwa aibu.

Salio linakatwa kila siku kwa huduma nisiyoijua.

Piga 100, taja namba fupi inayotuma ujumbe, waombe wakuondoe, na uandike saa na jina la aliyekuhudumia. Ikiendelea, nenda TCRA. Wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Ukiwa hapo hapo piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mara nyingi watu wanakuta zaidi ya wanazozijua.

Mkataba wote uko kwa Kiingereza.

Omba wa Kiswahili kabla ya kukubali. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo sioni kwa nini mkataba wa sola ya mvuvi wa Ukara uandikwe kwa lugha asiyoijua. Wakikataa, waombe wakutumie maelezo ya sauti kwa Kiswahili, uyatunze.

Imepita miaka miwili. Nimeshachelewa kudai?

Kwa madai ya kawaida ya mkataba muda ni miaka 6, na dai dogo linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Kwa madai ya kazi ni zile siku 30 na 60 nilizozitaja juu. Usichanganye.

Nikija kwako nije na nini?

Simu yenyewe, ikiwa na chaji, isiyofutwa kitu. Taarifa ya miamala ya malipo kwa simu tangu mwanzo wa mkataba, si ya mwezi jana tu. Jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye risiti, kwa sababu jina la programu mara nyingi si jina la kampuni. Daftari, kama ulikuwa unaandika hesabu. Na kama mlikaa na mtu mkazungumza, njoo naye, au njoo na namba yake.